Mama wa Rufiji na Daftari la Serikali

Ndugu msikilizaji, wiki hii nakuomba tuzungumze juu ya daftari. Nasema lile daftari la serikali ambamo huandikwa nani kazaliwa, nani kafa na kwa sababu gani. Najua jambo hilo linasikika kama kazi ya makarani, na makarani wenyewe hulichoka. Lakini ukitaka kuelewa kwa nini mama mmoja hujifungua salama na mwenzake hufia njiani, hapa kwetu na hata katika nchi tajiri, anza kwa kuuliza ni nani aliyeona haja ya kumwandika mama huyo.

Tuanze na sheria. Waingereza walipokabidhiwa Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, moja ya sheria zao za mwanzo ilikuwa ya kuandikisha vizazi na vifo, iliyotungwa mwaka 1920. Wazungu walilazimishwa kuandikisha kila mtoto aliyezaliwa na kila mtu aliyefariki, na Waasia nao wakaingizwa katika lazima hiyo. Mwafrika hakulazimishwa. Akitaka aje, asipotaka basi. Na kwa kuwa karani alikaa bomani, tena ng'ambo ya mto kwa watu wengi wa Rufiji, ni nani angeacha shamba la mpunga limeiva, nguruwe na viboko wanalinyemelea, aende kumwambia karani kwamba mkewe amejifungua?

Uzito wa jambo hili utauona ukilifungua daftari jingine, la kodi. Humo Mwafrika aliandikwa vizuri sana. Kodi ilitozwa kwa nyumba, na mwanamume mwenye wake wawili alilipia nyumba ya kila mke. Kwa hiyo mke aliingia katika hesabu za serikali, ila aliingia kama nyumba. Au tazama biashara ya delta. Boriti za mikoko zilikatwa Salale na vijiji vya jirani, zikauzwa kwa korija, yaani ishirini ishirini, majahazi yakazipeleka Uarabuni na nchi za Ghuba. Korija zilihesabiwa kwa sababu zilikuwa na ushuru. Akina mama waliokufa kwa uzazi katika vijiji hivyohivyo hawakuwa na ushuru. Hata sensa ya mwaka 1948, ya kwanza iliyofanywa kwa utaratibu wa maana nchini, iliwahesabu wasio Waafrika kwa wakati wake na Waafrika kwa wakati mwingine, kana kwamba ni nchi mbili.

Tuwe waangalifu hapa. Kutoandikwa hakumuui mtu. Lakini serikali isiyojua ni akina mama wangapi wanakufa haina linaloisumbua usingizini, na mwaka wa fedha ukifika haitengi kitu.

Sasa tuingie wodini. Dar es Salaam ya wakoloni iligawanywa kwa rangi, na mpaka leo majina yamebaki vinywani mwetu: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Ule uwanja wa Mnazi Mmoja tunaoujua kwa sherehe na mikutano uliachwa wazi ili kuitenga Uswahilini na maeneo mengine. Madaktari wa enzi hizo walisaidia kuutetea mgawanyo huo kwa hoja ya afya: walidai kwamba mtoto wa Kiafrika amebeba malaria katika damu yake, basi Mzungu na alale mbali naye, mahali penye upepo wa bahari.

Hospitali zikafuata ramani hiyo. Wajerumani walifungua Ocean Road mwaka 1897, jengo zuri linalotazama bahari, kwa ajili ya Wazungu, na Waingereza waliporithi nchi wakaendelea nalo hivyohivyo. Waafrika na Wahindi walitibiwa katika hospitali iliyojengwa kwa fedha za Sewa Haji Paroo, tajiri wa Bagamoyo aliyefariki mwaka huohuo wa 1897. Fikiria jambo hilo kidogo. Serikali iliyokusanya kodi kwa Mwafrika ilimtibu katika jengo lililotokana na sadaka ya mfanyabiashara wa Kihindi! Hospitali hiyo ilitumika hadi miaka ya 1950, ilipofunguliwa ile mpya iliyoitwa Princess Margaret mwaka 1956, ambayo leo ni Muhimbili. Jina la mzee huyo limebaki pale katika jengo la Sewahaji, na wagonjwa wengi wanaolala humo hawajui alikuwa nani.

Kwa hiyo mama wa Kizungu wa Dar es Salaam alikuwa na kitanda chake penye upepo. Mama wa Kihindi alikuwa na jumuiya yake, kwa sababu Wahindi walipoona serikali haiwatoshelezi walichangishana na kujijengea zahanati na nyumba za wazazi. Mama wa Kiafrika wa Uswahilini alikuwa na hospitali iliyojaa. Na mama wa Ndundu? Yeye hakuwamo hata katika daraja la tatu. Alikuwa nje ya ngazi kabisa.

Mtu ataniuliza, huko bara na mashambani serikali haikupeleka dawa? Ilipeleka. Katika miaka ya 1920, chini ya mkuu wa idara ya tiba, Daktari John Shircore, ulianzishwa mpango wa madresa wa vijijini, waliolipwa na serikali za wenyeji, maana yake kwa kodi ya wenyeji wenyewe. Dresa alisafisha vidonda, aligawa kwinini, alitibu macho. Enzi hizo sindano ya buba ilipata sifa kubwa mno, na watu walitembea mwendo mrefu kuifuata kwa sababu vidonda vilikauka wakiviona. Hayo yalikuwa mema, na sipendi historia inayokataa mema. Lakini madresa walikuwa wanaume, na mafunzo yao hayakuhusu uzazi. Nani katika Rufiji ya mwaka 1930 angemwita dresa kijana aingie chumbani kwa mke wake?

Shughuli za wajawazito na watoto wachanga serikali iliziacha kwa sehemu kubwa mikononi mwa wamisionari, ikiwasaidia kwa ruzuku. Na hapa ndipo palipo na jambo ambalo sisi watu wa Pwani hatulizungumzi vya kutosha. Misheni ilikwenda ilikotarajia waumini. Masasi walikuwapo Waanglikana wa UMCA, na mwaka 1935 akaja kwao daktari kijana, Mwingereza, Leader Stirling, aliyefanya kazi katika hospitali za kusini kwa miaka mingi, kisha akachukua uraia wetu na kuwa Waziri wa Afya kuanzia mwaka 1975. Kilimanjaro walikuwapo Walutheri na Wakatoliki. Ndanda, Peramiho, kote huko kengele ya kanisa ilikuwa jirani na kitanda cha mzazi. Rufiji ilikuwa nchi ya Waislamu tangu zamani, misheni zikawa chache, na wodi za wazazi zikawa chache vilevile. Hospitali ya misheni ya Mchukwi, karibu na Kibiti, ilikuja kuwa tegemeo kubwa la watu wa upande wa kaskazini, wa dini zote, na inastahili shukrani. Lakini hospitali moja haiwezi kuziba pengo la wilaya nzima.

Ubaguzi wa rangi, basi, ulizaa mwingine ndani yake. Serikali ilijitwika afya ya Mzungu, ikamwachia Mhindi jumuiya yake, ikamwachia Mwafrika misheni, na pasipokuwa na misheni mama akaachiwa bibi yake.

Hao bibi walikuwa watu wa maana, wala siwadharau. Miaka michache iliyopita nilirekodi mahojiano na mkunga wa jadi mmoja pale Ndundu, mwanamke mzee sana, mwenye kumbukumbu kali. Alinieleza jinsi msimu wa mpunga ulivyowakuta akina mama wengi huko bondeni, wakiishi katika dungu, vile vibanda vya juu ya nguzo ambamo watu hulinda mazao. Mkunga alipanda ngazi, akamzalisha mama huko juu, mto ukipita chini. Alijua kumgeuza mtoto tumboni kwa mikono, alijua kumtuliza mzazi, alijua kuingoja kondo bila kuivuta. Nilipomuuliza alifanyaje mkono wa mtoto ukitangulia, au damu isipokatika, alinyamaza kidogo, kisha akasema hapo waliita wanaume wenye kitanda.

Kitanda hicho cha kamba ndicho kilichokuwa gari la wagonjwa la Rufiji, mama amelazwa, vijana wanne mabegani. Swali ni je, walikuwa wanampeleka wapi?

Boma la Wajerumani lilikuwa Mohoro, kusini mwa mto. Ndipo alipotundikwa Kinjikitile Ngwale tarehe 4 Agosti 1905, katika siku za mwanzo za vita vya Maji Maji. Waingereza wakayaweka makao ya wilaya Utete, penye mwinuko, nako ni kusini mwa mto. Boma lilipo ndipo hospitali ya serikali ilipojengwa, na walioweka boma hawakuwa wakimfikiria mjamzito. Walitazama kodi, ulinzi na mahali pasipofikiwa na mafuriko. Matokeo yake watu wa Kibiti, Ikwiriri, Bungu na delta ya kaskazini waliishi ng'ambo moja, na hospitali ya wilaya yao ikawa ng'ambo ya pili. Katikati ni Rufiji, mto mkubwa kuliko yote nchini, unaotanuka masika mpaka usijue ukingo uko wapi.

Uhuru ulipokuja mwaka 1961 nchi ilikuwa na madaktari wazalendo 12. Mwalimu Nyerere aliitaja hesabu hiyo mara nyingi, na alikuwa na haki ya kuitaja. Chuo cha madaktari kilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1963. Mlango wa Ocean Road ukafunguliwa kwa kila mwananchi. Tangu mwaka 1996 ni taasisi ya tiba ya saratani, na mama wa Utete huweza kulazwa pale walipolala wake za magavana. Wodi za rangi zilikufa. Zilizobaki ni wodi za daraja, na daraja lilikwenda kwa fedha na cheo. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilisema waziwazi kwamba hospitali kubwa za mijini zinawafaa wachache, ilhali deni lake hulipwa na mkulima wa kijijini. Sijui ni mara ngapi tumelisoma Azimio hilo kwa ajili ya mabenki na mashamba, tukakiruka kipengele hicho cha hospitali.

Rufiji ilikuwa miongoni mwa mahali pa kwanza kuhamishwa vijijini. Baada ya mafuriko ya mwaka 1968 ilikuja Operesheni Rufiji, watu wakatolewa bondeni na kupelekwa mwinukoni, waishi pamoja, wapate shule, maji na zahanati. Wazee wa Rufiji wana maneno yao juu ya operesheni hiyo, kwa sababu mpunga ulibaki bondeni na wao wakapelekwa juu. Hata hivyo zahanati zilijengwa. Katika miaka ya 1970 tulipata kliniki ya mama na mtoto na wale wauguzi wa kliniki waliofunzwa makusudi kwa kazi hiyo, na kadi ya kliniki ikawa kitu ambacho kila mama alikihifadhi sandukuni pamoja na kanga zake. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mama wa Rufiji kuwa na karatasi inayosema kwamba ana mimba na kwamba serikali inajua.

Kwa kuwa mimi ni mtu wa redio, niruhusu nijivunie kidogo kazi ya walionitangulia. Mwaka 1973 Radio Tanzania ilibeba kampeni ya Mtu ni Afya, na watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi, wakasikiliza, wakajadiliana, wakachimba vyoo. Nchi chache zimewahi kuitumia redio namna ile. Nikiangalia mada zake kuu, malaria, kichocho, safura, kuhara damu, kifua kikuu, naona kwamba uzazi haukuwamo. Mama alihesabiwa katika afya ya kijiji kwa chandarua na maji ya kuchemsha. Uchungu wake ulibaki siri ya wanawake.

Kisha ikaja miaka ya shida, ya 1980 na 1990. Mikutano haikukosekana, ule wa Nairobi wa mwaka 1987 ndio uliotangaza kwa dunia nzima kampeni ya uzazi salama. Lakini mwaka 1993 serikali ilianza uchangiaji wa gharama katika hospitali zake. Wajawazito walisamehewa kwa maandishi. Kwa vitendo, mama aliambiwa aje na glavu, wembe, pamba na mpira wa kutandika, na asiyekuwa navyo aliona haya kwenda.

Na kulikuwa na pantoni ya Ndundu. Kila aliyesafiri kwenda Lindi na Mtwara miaka hiyo anaikumbuka. Mimi niliivuka nikiwa kijana, basi letu likiwa katika foleni tangu mchana, abiria wamelala ukingoni juu ya mikeka, akina mama wakiuza samaki na wali. Pantoni ikiharibika, watu walikaa. Usiku ukiingia, watu walikaa. Sisi wasafiri tulipoteza siku mbili tukalalamika magazetini. Mama aliyeletwa kwa baiskeli kutoka upande wa Ikwiriri, ameshikiliwa nyuma na shemeji yake, hakuwa na siku mbili. Wataalamu wa uzazi husema mama anayevuja damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufa ndani ya saa mbili.

Sasa narudi kwenye daftari, maana hapa Rufiji ilitoa somo kwa dunia. Mwaka 1998, chini ya mradi wa TEHIP ulioendeshwa na Wizara ya Afya pamoja na shirika la Kanada la IDRC, wahesabu walianza kupita nyumba kwa nyumba katika vijiji vya kaskazini mwa mto, wakiandika kila kizazi, kila kifo na kila aliyehama, watu zaidi ya 80,000. Mtu akifa, ndugu waliulizwa alianzaje kuumwa, ikaandikwa. Miaka 78 baada ya sheria iliyosema kwamba Mwafrika si lazima aandikwe, wakulima wa Rufiji wakawa miongoni mwa watu walioandikwa kwa uangalifu mkubwa kuliko wote barani.

Daftari hilo lilionyesha kwamba fedha za afya za wilaya hazikuwa zikienda kwenye yale yaliyokuwa yakiua watu. Halmashauri ya Rufiji na ile ya Morogoro zikabadili mgawanyo, zikaongezewa fedha kidogo, chini ya dola moja kwa kila mtu kwa mwaka. Baadhi ya vituo vilifungiwa simu za upepo, mganga wa zahanati akaweza kuita gari badala ya kutuma mtu kwa baiskeli. Katika miaka mitano hivi vifo vya watoto wadogo vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40 katika wilaya hizo. Ni kazi ya wahesabu wenye kalamu na viatu vilivyochakaa, na ningependa majina yao yaandikwe mahali.

Mwaka 2003 likafunguliwa Daraja la Mkapa pale Ndundu, karibu kilomita moja kwa urefu. Hotuba za siku ile zilihusu kufunguka kwa mikoa ya kusini, korosho, biashara na utalii. Mimi naliweka daraja hilo katika orodha ya hospitali. Utafiti uliotumia hesabu ya watu ya mwaka 2007 katika wilaya tano za Lindi na Mtwara ulionyesha kwamba vifo vilivyosababishwa moja kwa moja na uzazi vilikuwa 111 kwa kila vizazi hai 100,000 kwa akina mama walioishi ndani ya kilomita 5 kutoka hospitali. Kwa walioishi mbali zaidi ya kilomita 35 vilifika 422. Ngozi moja, dini moja, lugha moja. Tofauti ni njia.

Je, basi njia ikipatikana mambo yamekwisha? Ingekuwa hivyo, mwanamke mweusi wa Marekani asingekuwa na la kulalamikia, maana hospitali iko mtaani kwake na gari la wagonjwa linakuja kwa simu. Takwimu za serikali ya nchi hiyo za mwaka 2023 zinaonyesha kwamba wanawake weusi walikufa kwa uzazi 50.3 kwa kila vizazi hai 100,000, na weupe 14.5. Uingereza, ambako Watanzania na Wakenya wengi wanaishi na kuzaa, ripoti ya miaka ya 2020 hadi 2022 ilionyesha wanawake weusi wakifa karibu mara tatu ya weupe, na ripoti za nyuma yake zilifikia mara nne na mara tano. Hawa wote wako karibu na hospitali. Mchezaji tenisi Serena Williams, mwenye fedha na sifa zote, alijifungua kwa upasuaji mwaka 2017, akahisi damu imeganda mapafuni, jambo alilokuwa amewahi kuugua. Alimweleza muuguzi kipimo anachohitaji, na muuguzi akadhani dawa za maumivu zimemchanganya. Alisisitiza, akapimwa, ikawa kweli. Asiyekuwa Serena angesisitiza mara ngapi?

Kutosikilizwa huko kuna mizizi. Katika miaka ya 1840 huko Montgomery, Alabama, daktari J. Marion Sims aliwapasua mara kwa mara wanawake watumwa, bila dawa ya usingizi, akitafuta namna ya kutibu fistula, lile tundu linalotokana na uchungu wa siku nyingi na kumwacha mama akivuja mkojo. Majina ya watatu kati yao yanajulikana: Anarcha, Lucy na Betsey. Daktari huyo alijengewa sanamu New York, na liliondolewa mwaka 2018 tu. Imani kwamba mwanamke mweusi haumwi sana imeishi muda mrefu kuliko utumwa wenyewe. Fistula hiyohiyo, msikilizaji, ndiyo iliyowapata akina mama wa Rufiji waliochelewa ng'ambo ya mto. Wengi wametibiwa CCBRT Dar es Salaam, tena bure.

Usiniambie kwamba hayo ni ya Wazungu. Utafiti uliofanywa Korogwe na Muheza, mkoani Tanga, ukachapishwa mwaka 2014, uliwauliza akina mama waliojifungulia hospitalini na vituoni kama walitukanwa, walipigwa, waliachwa peke yao au walidhalilishwa kwa namna nyingine. Walipoulizwa wakiwa ndiyo kwanza wanatoka, asilimia 19 walisema ndiyo. Walipoulizwa tena wiki kadhaa baadaye, nyumbani kwao, wakafika asilimia 28. Mlangoni waliogopa. Wauguzi wetu wana mzigo mkubwa, mmoja kwa wazazi wengi, usiku kucha, na wengi wao ni watu wa huruma. Lakini sote tunaijua ile sauti ya leba, inayomwuliza mama anayepiga kelele kama alipiga kelele siku ile ya kuipata mimba. Hakuna gavana anayetulazimisha kusema hivyo.

Hali ya nchi imebadilika sana, na ni haki kulisema hilo. Mwaka 2004/05 akina mama 47 katika kila 100 walijifungulia katika vituo vya afya. Utafiti wa mwaka 2022 ulikuta ni 81. Vifo vya uzazi, kwa tafiti hizohizo za taifa, vilishuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 mwaka 2015/16 hadi 104 mwaka 2022. Makadirio ya mashirika ya Umoja wa Mataifa yako juu ya hapo, lakini nayo yanaonyesha kushuka. Tunao sasa utaratibu wa m-mama, ambao kwa kupiga namba 115 bila malipo, mama mwenye dharura hutafutiwa usafiri, gari la wagonjwa au hata la mtu binafsi aliyekubali kulipwa kwa safari hiyo.

Wastani wa taifa, hata hivyo, haukai Msala wala Maparoni. Daraja la Mkapa liko juu ya delta. Halimsaidii mtu wa visiwani. Kibiti sasa ni wilaya yenyewe, na vijiji vya delta viko chini yake. Kutoka Mbuchi au Kiongoroni, mama husafiri kwa mtumbwi au mashua hadi bara, kisha barabara hadi Kibiti, na maji yakipwa vijito hukauka, chombo kikakaa matopeni mpaka maji yajae tena. Mafuriko ya Aprili 2024 yaliwatoa maelfu ya watu katika nyumba zao Rufiji na Kibiti, na miongoni mwao, kama katika umati wowote, walikuwapo wenye mimba za miezi minane.

Kwa hiyo nina maswali mawili kwa madiwani wa Kibiti, na nitayauliza hapa hadharani kwa kuwa bajeti yao inasomwa hadharani. Boti ya wagonjwa ya delta imetengewa petroli ya safari ngapi kwa mwaka, na nahodha wake wa usiku analipwa kutoka fungu gani? Na mama akifia katika kijito kabla hajafika zahanati yoyote, ni nani aliyepewa jukumu la kumwandika, na katika daftari lipi?